Umeniita twiga, nishukuru au ninune?

Darasa la tano ndo nilianza kutembea nimeinama. Mgongo haukuwa unauma wala nini, nilikuwa nataka tu shingo yangu ionekane fupi. Mama akadhani nina shida ya uti wa mgongo, kila nikipita mbele yake ananigonga kidogo katikati ya mabega, "nyooka, unazeeka kabla ya siku zako", na mi nanyooka mpaka nifike kona ya nyumba halafu nainama tena. Sweta la shule nikamwomba fundi anishonee kola kubwa. Fundi akashangaa, Tanga ile ya mwezi wa kwanza mtu unatoka jasho umekaa tu, we unataka kola ya sweta? Nikamwambia ndo tulivyoagizwa shuleni. Uongo. Shuleni walikuwa wananiita Twiga.

Ilianzia mstarini asubuhi. Nilikuwa nasimama nyuma kwa sababu ya urefu, kijana mmoja akasema "Twiga, hebu tuchungulilie kama mwalimu wa zamu anakuja", mstari mzima ukacheka, basi, jina likakaa. Miaka mitatu. Sidhani kama kuna aliyekuwa ananichukia, wengi wao waliona ni jina la utani kama majina mengine, lakini mi kila nikilisikia najihisi kama mtu kanivuta mtandio mbele za watu.

Sasa ruka miaka kumi. Kicheni pati ya binamu yangu, ukumbi mmoja huko Sinza, nimevaa gauni la kijani lililokatwa mabegani, nywele nimebana juu kwa sababu msusi alinilazimisha. Emsii mwanamama mmoja mwenye sauti nzito, katikati ya shughuli akasimamisha muziki akaninyooshea kidole, "Jamani mwangalieni yule bibie wa gauni la kijani, ile ndo shingo ya twiga mnayoisikia, Mungu alikaa chini akaichora ile!" Vigelegele. Mama mmoja ambaye simjui akainuka akaja kunitunza elfu kumi, akanibandika hapa kwenye kifua, akaniambia "usiifiche mwanangu". Nikaenda chooni nikalia, na sikuwa na huzuni hata kidogo, nilikuwa nalia tu.

Shingo ile ile. Mnyama yule yule. Ndo maana hili swali la kama kumfananisha mtu na mnyama ni sifa au ni tusi halijawahi kuniacha, na nimeona watu wengi wanalijibu haraka haraka, mwingine atakwambia kila mfano wa mnyama ni dharau kwa sababu binadamu ni binadamu, mwingine atakwambia acha kununa bwana ni sifa hiyo. Mi naona wote wawili wanamwangalia mnyama wakati wa kuangaliwa ni huyo anayesema.

Tuanze na lugha yetu kwanza. Kiswahili kimejaa hizi sifa mpaka tumesahau kwamba ni wanyama. Kiuno cha nyigu. Macho ya paa. Mwendo wa tausi. Sauti ya chiriku. Mwanamke akiambiwa ana kiuno cha nyigu anatabasamu siku nzima, na hakuna mtu duniani anayempenda nyigu, nyigu ukimwona unakimbia na mtoto mkononi. Lakini sifa imechukua kiuno tu, mwiba imeuacha kule kule kwenye mzinga. Na uangalie hako kaneno kadogo katikati, shingo YA twiga, macho YA paa, kiuno CHA nyigu. Hapo wewe umebaki mtu, una shingo yako, una jina lako, mnyama ameazimwa kitu kimoja tu cha kuonyeshea. Toa hako kaneno uone. "Twiga wewe." "Mbuzi wewe." "Ng'ombe wewe." Mtu hayupo tena, ameondoka, pale amebaki mnyama anayesemeshwa.

Najua utaniambia mbona "simba wewe" ni sifa, na ni kweli, mzee Rashidi Kawawa watu walimwita Simba wa Vita na hakununa, na klabu iliyokuwa inaitwa Sunderland ilipoamua kuchukua jina la Simba mwaka 1971 haikuwa inajitukana. Na kinyume chake ukimwambia mtu ana pua ya nguruwe, hako kaneno kako pale pale na tusi liko pale pale. Kwa hiyo sarufi peke yake haitoshi. Ila inasaidia.

Kuna kingine kwenye sarufi ambacho nakipenda sana na huwa nawaambia watoto wa dada yangu. Kiswahili kimewaweka wanyama kwenye ngeli moja na sisi. Mtoto anakula, twiga anakula. Kiti kinavunjika, mti unaanguka, lakini mbu anakuja, kunguni anatembea. Kiboko cha mwalimu kimevunjika, ila kiboko wa mtoni amekufa, amekufa kama mtu, neno lile lile lakini likipata pumzi tu tunalihamisha linakuja kukaa na sisi. Wazee waliotuachia hii lugha hawakuona aibu kukaa benchi moja na kinyonga. Na ukitaka kumtukana mtu kikweli kweli kwa Kiswahili huna hata haja ya mnyama, mtoe tu kwenye hiyo ngeli. "Jitu lile." "Toto lina mdomo kama bata." Hapo kinachouma kuliko bata ni hilo LINA. Na upande mwingine mume wangu akiwa na furaha ananiita "katwiga kangu", ka- hiyo imekaa kama mkono begani, na huwa naitika.

Mume wangu kwao Karagwe, kule Kagera. Mara ya kwanza ananipeleka kwao nilikuwa na hofu zote za dunia, msichana wa pwani, sijui kukamua, sijui Kinyambo, na bibi yake ndo mkubwa wa ukoo, kila mtu anamsubiri yeye aseme. Nikapiga magoti nikasema shikamoo bibi, akanishika kidevu akaniinua uso kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akaniangalia muda mrefu mpaka nikaanza kutetemeka, halafu akasema kitu kwa Kinyambo, nyumba nzima ikaitikia kwa furaha. Nikamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini, amesema nini? Akasema, "Amesema una macho ya ndama."

Aisee. Nilitabasamu kwa meno tu. Usiku sikulala vizuri, mi nimekulia mtaani ambako mtu akikuita ng'ombe mnapigana, leo nimesafiri siku nzima na nusu kuja kuambiwa nafanana na mtoto wa ng'ombe? Asubuhi bibi akanigundua. Sijui aligunduaje. Kabla jua halijatoka akaja kuniamsha mwenyewe, "mjukuu wangu njoo", tukaenda zizini, umande unaloanisha vitenge mpaka magotini, na moshi wa samadi ule wa kufukuza nzi umekaa chini chini kwenye zizi. Wale ng'ombe wa kule wana pembe ndefu hizi za kupanda juu kama zinauliza swali. Kule ndama anaachiwa anyonye kidogo kwanza ndo maziwa ya mama yake yashuke, halafu anatolewa anashikwa pembeni mama akamuliwe. Bibi akanipa mi nimshike ndama. Jike, rangi ya udongo mwekundu, hajafikisha hata mwezi, anasukuma sukuma kwa kichwa anataka arudi kwenye chuchu, na povu la maziwa bado liko mdomoni. Bibi akasema, "Mwangalie sasa."

Nikamwangalia. Kope ndefu, zimeshuka kidogo, zina matone ya umande kwenye ncha. Kuzunguka jicho kuna mstari mweusi kama amepakwa wanja na mtu mwenye mkono uliotulia. Na jicho lenyewe ni jeusi, lina maji, halina haraka, nikajiona mimi ndani yake mdogo mdogo na kitenge changu na pembe za mama yake nyuma yangu na mbingu inayoanza kupata rangi. Nimekaa na wanyama wangapi maishani na sikuwahi kuangalia jicho la yeyote kwa dakika nzima. Nikamwambia bibi asante. Akacheka, akasema kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka, "Ninyi wa mjini mnamjua ng'ombe akiwa kwenye sahani."

Hapo ndo nilianza kuelewa. Bibi kakaa na ndama miaka sabini, anawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa tabia, kwake yeye hakuna jicho zuri zaidi ya lile, angenipa mfano gani mwingine? Na hayuko peke yake. Vuka mpaka tu hapo uingie Rwanda, msichana akiambiwa ana amaso y'inyana, macho ya ndama, ameambiwa neno zuri sana. Wanyarwanda wana salamu ya "amashyo", unamtakia mwenzio makundi ya ng'ombe. Serikali yao ilipoanzisha Girinka mwaka 2006, ule mpango wa kuipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, haikubuni jina jipya, ilichukua dua ambayo watu walikuwa wanaombeana toka zamani, uwe na ng'ombe. Na ukiwaona wanawake wao wanacheza, ile mikono iliyoinuliwa juu ikapinda taratibu, zile ni pembe za inyambo, ng'ombe wa kifalme ambao mpaka leo wanatunzwa pale Nyanza kwenye makumbusho ya ikulu ya mfalme. Mwanamke anacheza ng'ombe mbele ya wakwe zake na wakwe wanapiga makofi. Mwambie huyo kwamba mfano wa ng'ombe ni dharau, hatakuelewa.

Nilikuwa kwenye harusi ya rafiki yangu kanisani, mchungaji akasoma Wimbo Ulio Bora, kufika pale mwanaume anapomwambia mpenzi wake nywele zako ni kama kundi la mbuzi wanaoshuka mlimani, vijana waliokaa nyuma wakaanza kucheka, mbuzi tena? Mchungaji akafunga kitabu kwanza. Akasema ninyi mnamfikiria mbuzi mmoja amefungwa kamba kwenye jalala, hebu kaa mbali, jioni, kundi zima la mbuzi weusi linateremka mlimani kwa pamoja, linatingishika, linang'aa na jua la kuzama, halafu niambie hujaona nywele. Kanisa likawa kimya. Na kitabu hicho hicho mwanamke amelinganishwa na farasi wa magari ya Farao na hakuna aliyecheka, kwa sababu farasi sisi tunamwona wa heshima.

Ukienda Oman, ambako shangazi yangu anaishi, Maha ni jina la mtoto wa kike, na maana yake ni yule mnyama wa jangwani mwenye pembe mbili zilizonyooka, choroa mweupe wa Arabuni, Waarabu wamesifia macho yake kwenye mashairi karne na karne. Choroa huyo alikwisha kabisa porini mwaka 1972, na mwaka 1982 wakaanza kurudishwa kwenye jangwa la Oman. Hilo huwa linanigusa, kwamba kwa miaka kumi mabinti walikuwa wanaitwa jina la mnyama ambaye hayupo tena nje, macho yamebaki kwenye majina tu. Wagiriki wa kale nao mungu wao Hera walimwita mwenye macho ya ng'ombe. Wahindi wana Meenakshi, mwenye macho ya samaki, na hekalu lake kubwa liko Madurai. Kila mtu amemsifia mpenzi wake kwa mnyama aliyekuwa karibu naye.

Ningeishia hapa ingekuwa makala nzuri ya kufurahisha. Lakini kuna Kariakoo.

Mwanamke yeyote mwenye umbo fulani akipita Mtaa wa Kongo saa kumi jioni anajua ninachosema. "Oya twiga, shusha shingo tukusalimie." "Swala huyo, mshikeni." "Nyama hiyo." Mikono inanyooshwa. Na ukikasirika unaambiwa dada mbona umesifiwa? Siku moja nilisimama nikamwangalia kijana mmoja usoni, umri wa mdogo wangu, nikamuuliza, "Mdogo wangu, twiga umewahi kumwona?" Akasema bado. Nikaondoka.

Kwa muda mrefu sikuweza kueleza kwa nini twiga wa emsii amenipa furaha na twiga wa Kariakoo amenitia kichefuchefu, mpaka siku moja nikakumbuka kwamba wanaomwangalia mnyama kwa makini ni wa aina mbili, mwindaji na mfugaji. Wote wana jicho kali, wote wanaona shingo, mwendo, macho. Mwindaji anaangalia apate pa kupiga, mfugaji anaangalia amjue. Angalia hata hawa wanyama tunavyogawana, mwanaume anaitwa simba, chui, tembo, mwanamke anaitwa paa, swala, njiwa, kifaranga, yaani mmoja anakula na mwingine analiwa, na sisi tunaimba tu. Sisemi paa ni tusi, macho ya paa ni neno zuri na bibi mzaa mama alinibembelezea nalo. Nasema msichana ana haki ya kutazama mkono wa anayemwita paa, ameshika nini.

Shemeji yangu mmoja nilipomwambia hivi akanikata, akasema na mfugaji naye anauza, na mfugaji naye anachinja, na ng'ombe ndo mahari yenyewe. Ana hoja, sikumbishia. Nilimpelekea bibi wa Karagwe lile neno, akakaa kimya akichokonoa meno na kijiti, halafu akasema, "Ndama jike hachinjwi." Basi. Hakuongeza na mi sikuuliza.

Sasa niongee la nyani, maana bila hilo nitakuwa nimewadanganya.

Mwaka 2013 Italia ilipata waziri wa kwanza mweusi, Cécile Kyenge, mama aliyezaliwa Kambove, Katanga, kule ambako Kiswahili ndo lugha ya sokoni na ya nyumbani. Mwezi wa saba mwaka huo huo makamu wa rais wa Seneti ya Italia, Roberto Calderoli, akasimama kwenye mkutano wa hadhara akasema akimwona huyo mama hawezi kuacha kufikiria sura ya orangutani. Watu walicheka pale uwanjani. Mwanamke ni daktari wa macho. Rudi nyuma miaka 107, New York, Septemba 1906, kijana mwingine kutoka Kongo hiyo hiyo, Ota Benga, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, watu wanalipa nauli kuja kumwona, na ndani ya tundu amewekwa pamoja na orangutani. Wachungaji weusi wa mji ule walipiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916 alijiua. Na orangutani, jamani, anaishi Borneo na Sumatra. Misitu yote ya Afrika haina orangutani hata mmoja. Aliyemweka Ota Benga pale hakumwangalia Ota Benga, na aliyecheka mwaka 2013 hakumwangalia mama Kyenge wala huyo mnyama. Bibi yangu wa Karagwe alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga kabla hajafungua mdomo. Hawa walifungua mdomo macho yamefumbwa.

Sasa tusikimbilie kulaumu wazungu tukamaliza. Mimi mwenyewe niko kwenye grupu moja la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja, juzi kati mtu kaweka picha mbili, dada mmoja mweusi tii anacheka, pembeni ngedere ameonyesha meno. Emoji za kucheka zikamiminika. Watu wazima, wazazi, wengine ni walimu. Wote weusi. Nikaandika naombeni tuifute, nikajibiwa usiwe siriasi sana mama, ni utani. Kwetu sisi mtoto akizaliwa mweusi zaidi ya wenzake, hilo jina linamsubiri mlangoni, na hatulitoi mbali, limetoka kule kule kwenye lile tundu la Bronx, tumelipokea tukaliingiza ndani tukawapa watoto wetu walichezee.

Na nikwambie kwa nini naumia. Darasani kwetu kulikuwa na msichana walimwita Sokwe. Alikuja darasa la sita, kahamia kutoka mkoa mwingine, mweusi, paji pana, ana kicheko kikubwa kinachofunua ufizi. Siku alipopewa hilo jina watu walinisahau mimi. Wiki nzima hakuna aliyeniita Twiga. Nilikunjua shingo. Na walipomcheka na mi nilicheka, sikumwita hata mara moja lakini nilicheka, kwa sauti, nilitaka wanione nacheka.

Mwaka jana nilimtafuta. Nilipata namba kupitia watu, nikampigia, tukaongea habari za watoto kwanza, za kazi, nikashindwa kuanza, mwishowe nikatapika yote kwa mara moja. Akanyamaza. Akasema, "Wewe hukuniita, nakumbuka. Ila ulikaa dawati la nyuma yangu, kicheko chako nilikuwa nakijua." Sikuwa na la kujibu. Akaniambia mpaka leo akipigwa picha anafunga mdomo, picha za harusi yake zote mdomo umefungwa, mumewe alidhani siku ile hakuwa na furaha. Nikaomba msamaha. Akasema amenisamehe zamani, halafu akasema nisubiri kidogo kuna mtoto analia, na hakurudi, nilisubiri kama dakika nne simu ikakatika yenyewe. Kesho yake akanitumia picha. Yeye na bintiye wa mwisho kwenye mkeka, anacheka, ufizi wote nje. Hakuandika kitu chini yake. Nimeitazama ile picha mara nyingi kuliko picha yoyote kwenye simu yangu, na sijaifananisha na chochote.

Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunaenda Iringa kwa basi, mimi na binti yangu, ana miaka sita. Ukishapita Doma barabara inaingia hifadhi ya Mikumi, kama kilomita hamsini hivi unapita katikati ya wanyama, dereva anapunguza mwendo, kuna matuta na kuna mabango ya faini ukimgonga mnyama. Abiria wote wanahamia madirishani. Wakawepo twiga watatu karibu kabisa na lami, mmoja amegeuka anatuangalia huku anatafuna taratibu, shingo imepanda juu ya mti wenyewe, na nikakumbuka kile nilichokuja kukisoma ukubwani, kwamba mifupa ya shingo yake ni 7, saba tu, sawasawa na yangu mimi na ya fundi aliyenishonea kola.

Binti yangu akamwangalia, akanigeukia, akamwangalia tena. Nikajua linakuja. Akasema, "Mama, anafanana na wewe."

Nikahisi bega linaanza kuinama lenyewe. Nikamuuliza, "Wapi?"

Akainua kidole, na mi nikasubiri kiguse shingo. Akanigusa kwenye kope.

Basi likapita, wale twiga wakabaki nyuma, akapanda kwenye siti kwa magoti awaone kwenye kioo cha nyuma mpaka walipopotea. Halafu akakaa, akasema, "Na mimi je, nafanana na nani?"

Nikamwambia ngoja, geukia dirishani kwenye mwanga, nikuangalie vizuri kwanza.